Shahada ya Kompyuta: Mwajiriwa Anunue Rejareja

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei ya mahindi ya Kibaigwa, mchele wa Tandale na mwenendo wa dola. Wiki hii naomba nafasi ya kuzungumzia bidhaa nyingine, ambayo vijana wenye ajira wanaiulizia karibu kila tunapokaa kunywa kahawa. Bidhaa hiyo ni shahada ya uzamili ya utengenezaji wa programu za kompyuta, inayosomwa jioni au kwa njia ya intaneti huku mtu akiendelea na kazi yake.

Naiita bidhaa kwa makusudi. Ina bei, ina gharama za kuisafirisha mpaka kichwani, inaweza kulala ghalani ikapitwa na wakati, na wapo wanaoinunua kwa mkopo wa kausha damu. Mfanyabiashara akiulizwa anunue vipi bidhaa ya namna hii atajibu bila kusita kwamba achukue jumla, maana jumla ni nafuu. Kwa bidhaa hii, ndugu msomaji, nasema kinyume. Mtu aliye kazini anunue rejareja, kozi moja moja, kwa fedha ya mshahara wa mwezi ule ule, na asichukue kipande cha pili kabla cha kwanza hakijaanza kufanya kazi dukani au ofisini kwake. Chuo kinachouza jumla tu kina wateja wake, lakini mwajiriwa si mmoja wao.

Sikulijua hili kwa kusoma. Mimi ni mhitimu wa biashara, na miaka mitatu iliyopita nilikuwa na akiba ya shilingi milioni 4 na laki 2 niliyoikusanya kwa ajili ya kiwanja huko Chanika. Chuo kimoja cha hapa jijini kikatangaza masomo ya jioni ya uzamili. Nikapiga hesabu zangu za haraka haraka, nikamwambia mwenye kiwanja asubiri, nikalipa. Muhula wa kwanza ulikuwa na kozi nne na hapakuwa na kuchagua: unachukua zote au unaacha zote. Wiki ya tano kozi mojawapo ilihamishwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 8 mchana siku ya Jumatano, kwa sababu mwalimu alikuwa na shughuli nyingine. Jumatano ndiyo siku tunayofunga ukurasa huu. Nilihudhuria mara mbili kwa kutoroka, mara ya tatu mhariri akanishika. Mwisho wa muhula nilikuwa nimefeli kozi mbili na kufaulu mbili kwa alama ambazo sizitaji, nikaahirisha masomo, na ada haikurudi. Mwenye kiwanja naye hakusubiri. Juzi nimepita pale nikakuta nyumba ya vyumba vitatu imeezekwa bati la msauzi, na mwembe mdogo umepandwa mbele.

Ningeweza kukilaumu chuo mpaka jioni. Lakini hesabu niliyokosea ilikuwa yangu, na mhitimu wa biashara hana udhuru wa kukosea hesabu. Nilihesabu shilingi nikasahau saa.

Hebu tuzipange kama mtu anavyopanga mtaji. Wiki ina saa 168. Kazi yangu inakula saa 50. Njia ya Gongo la Mboto hadi mjini, kwenda na kurudi, pamoja na siku ambazo foleni haieleweki, saa 15. Kulala saa 7 kila usiku ni saa 49. Zimebaki 54. Toa saa 5 kwa siku za kula, kuoga, kufua, ibada, kumwona mgonjwa, kwenda msibani na vikao vya harusi za watu, ambavyo hapa kwetu asiyehudhuria hukumbukwa siku ya harusi yake. Hizo ni 35. Mtaji halisi unaobaki ni saa 19 kwa wiki. Kozi moja ya programu, nikihesabu darasa, kusoma na mazoezi ya kompyuta ambayo hukataa kufanya kazi mpaka saa 7 za usiku, ilinidai saa 12. Kozi nne ni saa 48. Nilikuwa nimeagiza mzigo wa saa 48 nikiwa na saa 19 mfukoni. Duka la namna hiyo linafilisika hata kama bidhaa ni nzuri na mwenye duka ni mchapakazi.

Shilingi inakopeka, saa haikopeki. Niliyemwibia saa zangu alikuwa mwajiri, halafu usingizi, halafu mama yangu mzazi niliyekaa miezi miwili bila kwenda kumwona ilhali anakaa Kibaha.

Ipo sehemu ambako biashara hii imefanywa vizuri, na inafaa tuitazame. Mwezi Mei mwaka 1900 na themanini wala tisini tusiende. Ni mwaka 2013 tu, pale chuo cha Georgia Tech cha Atlanta, Marekani, kilipotangaza kuwa shahada yake ya uzamili ya sayansi ya kompyuta itatolewa kwa njia ya intaneti kwa dola zisizofikia 7,000. Kampuni ya simu ya AT&T iliweka dola milioni 2 za kuanzia, na kampuni ya Udacity ikashirikiana na chuo kutengeneza masomo. Wanafunzi wa kwanza, mia tatu na ushei, walianza Januari 2014. Shahada kama hiyo kwa anayekaa chuoni akitoka nje ya jimbo ilikuwa inagharimu dola 45,000 hivi. Aliyekuwa mkuu wa kitivo wakati huo, Zvi Galil, alisemwa sana na wenzake walioona anaishusha thamani ya cheti. Miaka kumi baadaye wahitimu wa mpango huo walikuwa wamepita 10,000.

Watu wengi wakisikia habari hiyo hukimbilia kwenye bei. Mimi kinachonivutia zaidi ni ukubwa wa kifungashio. Shahada ile ina kozi 10. Mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua kozi moja tu kwa muhula, kuna mihula mitatu kwa mwaka, na amepewa miaka 6 ya kumaliza. Mwenye kazi anakwenda kwa mwendo wake, miaka mitatu na miezi michache akichukua moja moja bila kupumzika. Aidha mlango wa kuingilia ni mpana, ila ndani ya miezi 12 ya kwanza lazima afaulu kozi mbili za msingi kwa alama ya B au zaidi. Kwa lugha ya sokoni, unaonjeshwa kabla hujabeba gunia, na muuzaji naye anakupima kama utaliweza. Aliyeshindwa hapo amepoteza bei ya kozi mbili. Mimi nilipoteza kiwanja.

Watafiti watatu, Joshua Goodman, Julia Melkers na Amanda Pallais, waliwachunguza walioomba kuingia katika mpango ule. Walikuta kwamba wastani wa umri wa waombaji wa intaneti ni miaka 34, wakati wale wa kukaa chuoni ni 24, na kwamba karibu tisa katika kila kumi walikuwa na ajira. Jambo walilolisisitiza ni kwamba wengi waliokosa nafasi pale hawakwenda kusoma kwingine. Maana yake hawa hawakuwa wateja walionyang'anywa vyuo vingine. Lilikuwa soko ambalo hakuna aliyekuwa akilihudumia, watu wazima wenye kazi na watoto, wanaotaka kununua kipimo cha kibaba wakati kila duka linauza gunia. Nawaombeni wenye vyuo vya hapa kwetu, mkiwa miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, mlisome hilo kama wafanyabiashara.

Sisemi kila mtu akimbilie Atlanta. Wanataka shahada ya kwanza ya kompyuta au iliyo karibu nayo, kwa hiyo mhitimu wa biashara kama mimi anatakiwa kwanza ajenge msingi. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira, mitihani inafanywa mbele ya kamera, na umeme ukikatika hapo ni wewe na Mungu wako. Anayetaka cheti cha nje kimfae katika ajira za hapa afike kwanza TCU, ambao ndio wenye kazi ya kulinganisha shahada za nje na za kwetu, afike kabla ya kulipa na si baada.

Halafu kuna dola. Mwaka 2014 mpango ule ulipoanza, dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,650, hivyo dola 7,000 zilikuwa shilingi milioni 11 na nusu. Mwaka 2024 dola ilipita 2,700, na hapo bei ile ile ya Marekani ikawa milioni 18 na laki 9 kwa mtu anayelipwa kwa shilingi. Kisha mwishoni mwa mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 2,400, yaani milioni 16 na laki 8. Anayenunua kozi moja ya dola 700 analipa 1,890,000 katika muhula mbaya na 1,680,000 katika muhula mzuri, na akiona dola imepanda mno anaweza kupumzika muhula mmoja. Aliyelipa kwa mkupuo siku ya dola ya 2,700 hana la kufanya. Ni kweli kwamba rejareja ina gharama zake, kwa kuwa vyuo vingi hutoza ada ndogo ndogo kila muhula na anayekwenda polepole anazilipa mara nyingi zaidi. Naichukulia kama bima.

Sasa tuje kwenye faida, maana hapo ndipo vijana wenzangu wanapodanganyana. Utasikia mtu akisema "nikimaliza nitalipwa vizuri". Vizuri ni shilingi ngapi? Chukua hizo milioni 16 na laki 8. Tuseme ungeziweka mahali zikakuletea asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 2,016,000, sawa na 168,000 kwa mwezi, na mtaji wako upo pale pale. Shahada haiuziki mkononi, kwa hiyo lazima irudishe na mtaji. Tuipe miaka 10: ni 140,000 nyingine kwa mwezi. Jumla shilingi 308,000 kila mwezi, mkononi. Mwenye mshahara unaozidi milioni moja anakatwa kodi ya asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi hapo, kwa hiyo ili apate 308,000 mkononi anahitaji nyongeza ya 440,000 kwenye karatasi, na bado NSSF hawajachukua chao. Kwa mtu wa mshahara wa milioni 1 na laki 2, hiyo ni nyongeza ya zaidi ya theluthi. Wangapi kati yetu wana mwajiri atakayeongeza theluthi kwa kuonyeshwa cheti?

Sijamwona. Nimewaona waajiri wanaoongeza kwa kuonyeshwa kazi. Na ndiyo sababu nasema kipande kimoja kianze kuzalisha kabla ya kingine kununuliwa.

Niruhusuni nieleze kilichotokea hapa hapa katika ukurasa huu, na mhariri ameridhia. Baada ya lile anguko nilikaa miezi minane nikijifundisha lugha ya Python usiku, kisha nikajiunga na masomo ya intaneti yanayoruhusu kozi moja moja. Kozi ya pili ilikuwa ya kanzidata, yaani namna ya kuhifadhi taarifa ndani ya kompyuta zikapatikana bila kuchanganyikana. Mwalimu wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakubali namba iingie bila kipimo chake. Ukiandika 84,000 anauliza, elfu themanini na nne za nini, kwa nini, tarehe gani, nani amesema. Nilimwona msumbufu.

Bei za ukurasa huu huja kwa simu kutoka kwa watu wetu wa masokoni. Mmoja anasema gunia, mwingine debe, mwingine kilo. Kwa miaka yote tulikuwa tukilichukua gunia la mahindi kuwa kilo 100, tunagawa, tunachapa bei ya kilo. Nilipoanza kuziingiza bei hizo katika jedwali la zoezi langu, kompyuta ikawa inadai kipimo cha kila gunia, nikalazimika kuwapigia watu wale mmoja mmoja. Gunia lako lina debe ngapi? Mmoja akajibu sita. Mwingine akacheka, akasema, "Kaka, unataka gunia la serikali au gunia la huku?" La huku lilikuwa lumbesa, limeshonewa kilemba juu, debe saba na chembe. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa miaka nenda rudi, lakini katika simu yetu ya bei ilikuwa imejificha ndani ya neno gunia.

Fanya hesabu. Gunia la shilingi 84,000 tuligawa kwa 100, tukawaambia ninyi wasomaji kwamba kilo kule ni 840. Kumbe gunia lilikuwa na kilo 120, na kilo ilikuwa 700. Tofauti ya shilingi 140 kwa kilo, kwenye fuso la tani 10, ni shilingi milioni 1 na laki 4. Aliyesoma ukurasa wetu akaacha kwenda soko lile kwa kuliona ni ghali, tulimkosesha fedha hiyo. Hatukuwa tumewaambia. Ndiyo maana tangu muhula ule jedwali la chini limekuwa na safu ya kilo peke yake, na sokoni kwenye lumbesa tumeweka nyota.

Kozi ile iligharimu karibu milioni moja na nusu. Sikuwa nimemaliza hata mtihani wake. Mhariri alipoona jedwali jipya aliuliza kozi inayofuata ni ya nini, nikamwambia ni ya kupima programu kabla ya kuzitumia, akasema kampuni italipa nusu. Nusu ile ilitoka kwenye kazi, cheti bado. Na ningekuwa kwenye mkumbo wa kozi nne nisingepata nafasi ya kupiga hata simu moja ya Kibaigwa. Ningejaza majedwali ya mfano ya kitabuni, ya wanafunzi na walimu wao, nikapata alama nikasahau.

Najua swali ambalo msomaji wangu analo mdomoni. Mashine hizi za akili mnemba, zilizoenea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zinaandika programu zenyewe. Mtu atumie milioni 17 kujifunza kazi inayofanywa bure? Ni swali halali, na kwa sehemu jibu lake ni kwamba bei ya bidhaa hii imeshuka kweli. Kuandika mistari ya programu tu, kama kazi ya karani wa kupiga chapa, hakutamlipa mtu tena. Lakini nilifanya jaribio. Niliiomba mashine mojawapo iniandikie programu ya jedwali la bei. Ilichukua nusu dakika na kazi ilikuwa safi kuliko yangu. Gunia ilikuwa imelihesabu kilo 100.

Kilichobaki na bei, kwa maoni yangu, ni kuijua biashara kiasi cha kuishtukia namba hiyo, na kuijua kompyuta kiasi cha kuirekebisha. Mtu wa mchele anayejua mchele na akajifunza kanzidata ana mali. Kijana anayeacha kazi ya mchele kwenda kukaa darasani miaka miwili anarudi na nusu ya mali, na wakati huo huo bidhaa imebadilika. Kwa hiyo kusoma ukiwa kazini, ambako wengi wanakuona kama adhabu ya asiyekuwa na mfadhili, naanza kukuona kuwa na faida yake ya pekee. (Wale wa Atlanta wenyewe walichekana mapema: mwaka 2016 Profesa Ashok Goel aliweka katika kozi yake msaidizi wa kujibu maswali ya wanafunzi aliyeitwa Jill Watson, na wengi hawakujua kuwa ni programu mpaka walipoambiwa.)

Hata hivyo rejareja ina hatari ambayo sitaificha. Anayenunua kipande kipande huishia mara nyingi na vipande. Muhula mmoja wa kupumzika unakuwa miwili, mtoto anazaliwa, baba anaugua, na kozi nne kati ya kumi hazina jina sokoni. Wahasibu wanalijua hili vizuri. Wengi niliosoma nao shahada ya kwanza wanaifukuzia CPA wakiwa benki mchana na vitabuni usiku, na mitihani ya NBAA ya Mei na Novemba ndiyo kalenda yao kuliko Idi na Krismasi. Walioimaliza, kwa ninavyowaona, ni wale ambao mwajiri alikuwa na mkono wake ndani: anayelipia mtihani, au walau anayekupa siku tatu za kujisomea bila kununa.

Na hapa nageukia kwa matajiri wenyewe. Kila mwenye duka ninayezungumza naye ana kompyuta, ana mashine ya EFD, ana wateja wanaolipa kwa simu, na ana daftari la madeni ambalo halisomani na kimojawapo kati ya hivyo. Ana pia kijana mmoja pale kaunta ambaye ndiye anayeitwa kila kitu kikigoma. Kumsomesha kijana huyo kozi moja ni bei ya magunia machache ya sukari. Hofu ninayoisikia ni moja tu, kwamba akishajua ataondoka. Pengine. Lakini mnapeana mali kauli za mamilioni kwa kuaminiana na karatasi moja yenye sahihi. Wekeni na hii kwenye karatasi. Lipa kozi moja, mkubaliane kwamba akiondoka ndani ya mwaka anarudisha, akikaa mwaka deni limekufa, na kipande kinachofuata kitalipwa pale ambapo hiki kimeonekana dukani. Ukilipia shahada nzima kwa mkupuo ndipo unapompa mtu sababu ya kuondoka na uzito wa deni asiloweza kulibeba.

Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwa mzee mmoja wa mafuta ya kula na sukari ambaye hunipa bei kila Jumatatu. Nilimweleza haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya lita 20, kijana wake wa kaunta akisikia na kujifanya hasikii. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akapokea simu mbili katikati, akamfokea mpakiaji.

"Mwanangu, hiyo shahada yenu mimi siijui," alisema. "Niambie kipande kimoja bei gani."

Nikamtajia. Akaandika nyuma ya risiti, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akaniambia nirudi Jumamosi baada ya saa 10, duka likipungua watu, na kijana atakuwepo.